Padre Aliyekataa Kuzunguka

Mutie wa Murera alikuwa mtu mkweli katika kila jambo isipokuwa moja. Kila jioni ya mwezi huo wa Februari, simu yake ilipolia na mkewe Kavindu akauliza, "Padre anazunguka?" yeye alijibu bila kukohoa, "Anazunguka, Mama Janice. Anazunguka kama siku ya kwanza." Kisha alitia simu mfukoni, akatoka nje, akamtazama Padre amesimama kimya katikati ya nyasi zilizokauka, na akamwomba Mungu msamaha.

Padre huyo hakuwa kasisi. Alikuwa sprinkla, ile ya shaba ya kunyunyizia nyasi, yenye mkono mdogo unaogongagonga tika-tika-tika huku kichwa kikizunguka na kurusha maji pande zote. Jina alipewa na Kavindu. Siku iliposimikwa pale uani kwa mara ya kwanza, ilizunguka ikamfikia alipokuwa amesimama, ikamrashia maji usoni na kifuani. Kavindu, Mkatoliki tangu tumboni mwa mamake, akapiga ishara ya msalaba kama aliyenyunyiziwa maji ya baraka kanisani, kabla hajajua anafanya nini. Mutie alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo hakuna aliyeita kile chombo sprinkla katika boma lile. Ilikuwa "funga Padre," "hamisha Padre," "Padre amemlowesha kuku."

Sasa, ili uelewe mtu mzima anamdanganyaje mkewe kwa sababu ya chombo cha kunyunyizia nyasi, yafaa ujue wawili hao walitoka wapi. Walizaliwa upande wa Mwingi, mahali ambapo mto ni mchanga sehemu kubwa ya mwaka na mwenye kiu huchimba. Kavindu alikua akiinama ndani ya shimo la mchanga na kata mkononi, akisubiri maji yajikusanye, ajaze mitungi, aifunge juu ya punda na kupanda kilima. Mitungi ile ya plastiki ilikuwa na tabia ya kuvuja shingoni, na dawa yake ilikuwa moja. Unakata ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, unauzungusha shingoni ukiuvuta kwa nguvu zako zote, kisha unafunga fundo ambalo kadiri linavyovutwa ndivyo linavyokaza. Mamake alimfunza fundo hilo kabla ya kumfunza kusonga ugali. Na tone likimwagika njiani, mtu aliulizwa.

Mutie yeye alikuja Thika akiwa kijana, akaajiriwa katika kiwanda cha nguo. Kazi yake ilikuwa kutazama mashine za kufuma. Mashine ikisimama, aliinua mkono juu, na fundi alikuja mbio na spana zake. Hivyo ndivyo alivyozeekea kiwandani, akiinua mkono. Alistaafu bila kuwahi kufungua hata nati moja, lakini alikuwa na ploti Murera, nyumba ya mawe yenye veranda, na kisima alichochimbiwa na wanaume wa kwao, chenye pampu ya umeme.

Siku maji yalipotoka mferejini ndani ya boma lao wenyewe, Kavindu aliyakinga kwa viganja, akayanywa, akanawa uso. Kisha akatoa masharti. Nyuma ya nyumba Mutie angepanda mahindi, sukuma na maharagwe kadiri alivyotaka. Lakini mbele ya veranda alitaka kitu kisicholiwa wala kuuzwa. Alitaka nyasi.

Jirani yao Ngigi, mwenye ng'ombe wa maziwa na mdomo usiolala, hakuamini aliyoyasikia.

"Aterere, sikiza, Mutie," alisema akiwa ameegemea ua, "nyasi bila ng'ombe ni ya nini? Ni kama kupika chai halafu unaiangalia tu."

"Ni ya kuangalia," Kavindu alimjibu akiwa mlangoni. "Mimi nimeangalia vumbi ya kutosha."

Nyasi zikapandwa, zikashika, zikatanda. Jioni Kavindu alitoa kiti, akavua patipati, akaweka nyayo zake juu ya ule ubichi huku Padre akigonga tika-tika-tika kule mbele. Aliyewahi kumwona ameketi hivyo hakuuliza tena nyasi ni za nini, isipokuwa Ngigi, ambaye aliuliza kila wiki.

Padre alikuwa na kasoro moja tu machoni pa Kavindu: alivuja. Pale shingoni, kichwa kinapokutana na bomba, matone yalidondoka kila alipokuwa kazini. Ouma, fundi wa pampu na mabomba wa Gitothua aliyewauzia, alikuwa amewaambia mapema kwamba ni lazima avuje kidogo, ndivyo alivyoumbwa. Lugha hiyo haikumwingia Kavindu hata kidogo. Aliweka sufuria kuukuu chini ya shingo ya Padre, akakinga matone, akayaoshea vyombo. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa kweli sufuria ilijaa. Tatizo ni kwamba ilikuwa njiani, na kila mtu aliipiga teke, Mutie kuliko wote.

Jioni moja ya Oktoba, baada ya Mutie kuipiga teke tena na kuruka kwa mguu mmoja akishika kidole, Kavindu aliirudisha ile sufuria jikoni. Akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli ya mumewe, akamzungushia Padre shingoni akivuta kwa nguvu zake zote, akafunga lile fundo la mamake, fundo la punda.

"Sasa tuone kama utavuja tena," akamwambia Padre, na akaingia ndani kuandaa chakula.

Asubuhi iliyofuata alitoka kwenda kufungua mfereji aone kazi yake. Hakufika. Mutie alimkuta ameketi chini, mgongo ukutani, mdomo umepinda upande mmoja na mkono wa kulia umelala pajani kana kwamba ni wa mtu mwingine. Alipiga ukemi mmoja tu. Ngigi aliruka ua bila viatu, akawasha pikapu yake iliyojaa majani ya ng'ombe, na Kavindu akapelekwa hospitali Thika amelazwa juu ya majani yale, kichwa chake mapajani mwa mumewe. Ilikuwa kiharusi. Daktari alisema wangechelewa kidogo tu, angekuwa anasema maneno mengine.

Mdomo ulinyooka. Mguu ukarudi polepole, ukiomba msaada wa fimbo. Mkono wa kulia ukabaki nyuma. Unaweza kurudi na unaweza usirudi, madaktari walisema, upewe kazi. Kavindu akatolewa hospitalini, akaenda kukaa kwa binti yao Janice kule Kamakis, karibu na kliniki ya mazoezi. Huko alipewa mpira mdogo wa kufinya. Aliufinya, ukamponyoka ukabingirika chini ya kochi, Janice akauokota, ukamponyoka tena.

Mutie hakuwa mtu wa kumdai Mungu. Alimshukuru kwa ajili ya mdomo, akamshukuru kwa ajili ya mguu. Kuhusu mkono alinyamaza, kwa kuwa aliona si adabu kuomba kingine wakati shukrani za kwanza bado zina joto. Lakini kila alipotoka Kamakis kumwona mkewe, alirudi na picha ya ule mkono umelala juu ya leso, na usingizi ulimkataa.

Mvua za mwisho wa mwaka zilitunza nyasi zenyewe. Januari jua likaingia kwa hasira. Mutie akafungua mfereji, na hapo ndipo alipogundua kwamba Padre amegoma. Maji yalitoka kwa nguvu, yakaenda upande mmoja tu, kwenye mpera, na hapo yakabaki. Mkono mdogo ulitetema ukitaka kugonga, lakini kichwa hakikusogea. Mpera ukapata kinamasi chake huku nyasi zikigeuka rangi ya mkate.

Wakati huohuo habari njema ilikuwa inakuja kutoka Kamakis. Kavindu angerudi nyumbani Jumapili ya mwisho ya Februari, na jumuiya yao ya kanisa ingekuja kusali sala ya shukrani papo hapo nyasini.

"Lakini nikute nyasi yangu, Baba Janice," alisema kwenye simu. "Hapa kwa Janice ni saruji mpaka dirishani. Nikiona nyasi ndiyo nitajua nimefika. Padre anazunguka?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mutie aliahidi nyasi, na akasema Padre anazunguka.

Kisha akaanza kazi. Alimzungusha kwa mkono. Akazunguka kwa shingo upande, akakwama. Akachokoa tundu kwa waya. Akamgonga kwa kijiti, kwa heshima, kisha akamgonga kwa jiwe bila heshima. Ngigi akapiga kelele kutoka ng'ambo ya ua kwamba chuma kikikaza dawa ni mafuta, kwa hivyo Mutie akachukua mafuta ya kupikia, akampaka kuanzia kichwani hadi kwenye bomba. Walionufaika na mafuta hayo ni sisimizi. Walikuja ukoo mzima, wakampanda Padre, wakala, wakashuka. Siku hiyo Mutie alisimama mbele ya kile chombo mpaka akajikuta ameinua mkono wake wa kuume juu, peke yake uani, kama zamani kiwandani, akingoja fundi.

Alipoona anachokifanya alicheka. Kesho yake akamng'oa Padre, akamfunga ndani ya mfuko, akaenda kumtafuta fundi mwenyewe.

Duka la Ouma pale Gitothua ni chumba kimoja kilichojaa mabomba hadi darini. Ouma ni mtu mkubwa, mwenye vidole vinene na macho mapole, na hashiki chombo cha mtu kabla ya kumwuliza hali.

"Mzee Mutie! Umepotea sana. Mama anaendelea aje?"

"Anaendelea. Ako kwa Janice. Jumapili anarudi nyumbani."

"Mungu ni mwema. Na huyu anasumbua nini?"

"Amekataa kuzunguka."

Ouma akamfunga Padre kwenye bomba la majaribio lililokuwa nje ya duka, akafungua maji, yakapiga ukuta na kubaki pale pale. Akafunga. Akajaribu kichwa kwa kidole, akakiona kizito. Akamwinamisha kwenye mwanga, akafuta shingo kwa tambara, na chini ya vumbi na mafuta ya kupikia ukatokea ule ukanda mweusi.

"Mzee, hii ni nani alifunga?"

"Mama Janice. Ilikuwa inavuja."

Ouma akatabasamu. "Si niliwaambia ni lazima ivuje kidogo? Hapa kwa shingo ndipo inazungukia. Mama ameifunga kabisa. Haina shida ingine hii, mzee. Wacha nikate hiyo mpira uende zako."

Akafungua kisu. Mkono wa Mutie ukadaka mkono wa Ouma, na wote wawili wakashangaa.

"Usikate," Mutie akasema.

"Haitazunguka, mzee."

"Nimesikia. Usikate."

"Basi nifungue tu hiyo fundo."

"Usiguse hiyo fundo, Ouma."

Ouma akamtazama. Mutie hakuwa mtu wa maneno mengi, na mambo ya nyumbani kwake hakuyatembeza Gitothua. Lakini maneno yalitoka yenyewe, akiwa ameangalia chini.

"Alifunga hiyo jioni. Asubuhi ndiyo akaanguka. Tangu hiyo siku huo mkono haujafunga kitu ingine. Hata kifungo ya sweta ni Janice anamfungia. Sasa hiyo ukikata..."

Huo ndio ukweli aliokuwa hajamwambia mtu, hata yeye mwenyewe hakuwa amejiambia vizuri. Kila siku ya miezi ile alipita pale uani akauona ule ukanda, na moyo wake ulitulia kidogo, kwa kuwa palikuwa na kitu kimoja ambacho ule mkono ulikishika na hadi leo haujakiachilia. Aliogopa kwamba likifunguka fundo hilo, hatapata lingine.

Ouma alikunja kisu chake. Akachukua tambara, akamfuta Padre mafuta yote ya kupikia polepole, akasafisha tundu la maji, akamfunga vizuri ndani ya gazeti.

"Mimi pia siwezi kata hii," alisema. "Enda nayo, mzee. Salimia mama. Mwambie Ouma anamwombea." Na Mutie alipotia mkono mfukoni, Ouma alimfukuza kama kuku aliyeingia jikoni.

Wapo watakaosema huo ulikuwa upumbavu. Mpira ni mpira, fundo ni fundo, na nyasi zinakufa. Mutie mwenyewe alijiambia hivyo njia nzima. Alipofika nyumbani alimrudisha Padre mahali pake, akachukua makasi, akachuchumaa mbele ya Padre, akakaa hivyo mpaka magoti yakamuuma. Kisha akarudisha makasi ndani na kutoka na kopo la kumwagilia.

Alimwagilia kwa mkono. Kisima kilikuwa kimepungua kwa kiangazi, pampu ikivuta kidogo inameza hewa, kwa hivyo alikwenda kopo kwa kopo, mgongo ukilalamika. Hakuweza kuokoa uwanja mzima. Akachagua kipande mbele ya veranda, pale kiti cha Kavindu kilipokuwa kikikaa, akakipa maji yote aliyokuwa nayo. Jioni akajibu simu. "Anazunguka, Mama Janice."

Siku ya pili alisikia magurudumu. Ngigi alikuwa anasukuma mkokoteni uliojaa mitungi ya maji kutoka kisima chake mwenyewe, jasho likimtiririka, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane hakuwa na la kusema. Alishusha mitungi, akachukua mmoja, akaanza kumimina.

"Ngigi, na ng'ombe wako?"

"Amekunywa." Akamimina mpaka mtungi ukaisha. "Huyu mama alikuwa ananipikia isyo yake ya mahindi na maharagwe kila Krismasi. Wewe nyamaza umwage maji."

Mutie akanyamaza, akamwaga maji. Ni rahisi kumcheka jirani mwenye mdomo mrefu, lakini akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Mutie alijua boma hili limesimama kwa sababu ya mtu aliyeruka ua bila viatu. Usiku huo aliliweka jina la Ngigi katika sala zake, juu kabisa, kabla ya ndugu zake wa damu.

Jumapili ikafika. Wanajumuiya walikuja na viti vyao vya plastiki, wakiongozwa na Nekoye, mwenyekiti, mwanamke wa Bungoma mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Sufuria kubwa ya isyo ilikuwa tayari jikoni. Gari likaingia langoni, Janice akashuka kwanza, akafungua mlango wa nyuma, na Kavindu akatoka akiegemea fimbo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa amekonda, amevaa kitambaa chake cha buluu. Akinamama walipiga vigelegele.

Kavindu aliwasalimia watu, lakini macho yake yalikuwa yanawapita. Aliona kile kipande cha kijani mbele ya veranda, kibichi, kizuri, kama mkeka uliotandikwa. Na nyuma ya mkeka huo aliona uwanja mzima wa kahawia, na Padre katikati yake.

"Baba Janice."

"Naam."

"Fungulia Padre."

"Tungekula kwanza," Mutie akasema. "Isyo iko tayari. Watu wametoka mbali."

"Nekoye ametoka hapo kwa kona. Fungulia."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mutie ilikuwa imeishia mferejini. Akaenda, akafungua. Maji yakaruka upande mmoja, yakapiga mpera, yakabaki pale. Watu wa jumuiya waliyatazama, wakamtazama Mutie, wakaanza kuangalia vidole vyao.

"Anazunguka kama siku ya kwanza," Kavindu akasema.

Ngigi peke yake ndiye aliyecheka, akajifanya anakohoa. Mutie akafunga maji. Kavindu akatembea hadi kwa Padre kwa mwendo wake mpya, fimbo, mguu, fimbo, mguu, nyasi kavu zikilia chini yake. Akainama, akatazama shingo ya Padre, na akapiga yowe.

"Woi! Kumbe ni mimi!" Alicheka mpaka fimbo ikatikisika, na Janice akaja mbio kumshika. "Ni mimi nimemkaba! Na wewe, Baba Janice, hukuona?"

"Niliona. Ouma alinionyesha."

"Na hukutoa?"

Mutie akaangalia viatu vyake. Watu wote walikuwa wanasikiliza, na hakukuwa na pa kujificha.

"Ni mkono wako ulifunga," akasema. "Ningetoaje?"

Kicheko cha Kavindu kikakatika. Alimtazama mumewe, kisha akautazama mkono wake wa kulia uliokuwa umekaa juu ya tumbo mahali alipokuwa ameuweka. Walikuwa wameishi pamoja tangu ujana. Hakuhitaji kuelezwa zaidi.

"Leteni kiti," akasema.

Ngigi akaleta kiti, Kavindu akaketi. Kwa mkono wa kushoto akamshika Padre shingoni. Kisha akauinua mkono wa kulia kwa msaada wa ule mwingine, akauweka kwenye fundo, na kuuacha hapo ufanye kazi. Fundo la punda halivutwi, ukilivuta linakaza. Husukumwa nyuma kwa kidole gumba, taratibu, mpaka kitanzi kiinuke. Kidole kikasukuma, kikateleza. Kikasukuma tena, kikateleza.

"Mum, wacha nikusaidie," Janice akasema.

"Kaa chini, Janice. Wewe hujui fundo la nyanyako."

Nekoye, ambaye mazoea yake ni kuzijaza nafasi zote kwa sauti yake, alianzisha Salamu Maria, na jumuiya ikamwitikia. Walisali nyingi. Mutie hakuweza kutazama. Alimtazama Ngigi badala yake, na Ngigi alikuwa amevua kofia, akasahau kuirudisha. Mutie akafumba macho, akaanza kuomba kile alichoona si adabu kukiomba miezi yote ile. Hakutumia maneno ya jumuiya. Alisema tu, Mungu wangu, umenipa vingi, na bado naomba na hicho.

Aliposikia sauti zimekatika alifungua macho. Kitanzi kilikuwa kimeinuka. Kidole cha shahada cha Kavindu, kikitetemeka, kilikuwa kimejipenyeza ndani yake, kikivuta. Fundo likaachia. Akauzungusha ukanda kinyume, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka shingo ya Padre ikabaki wazi, na alama ya mpira ikionekana juu ya shaba.

"Fungulia sasa," akasema, akihema kama aliyepanda kilima.

Mutie akafungulia. Padre akatema maji, akatetema, akagonga tika moja, akapumzika kana kwamba anakumbuka, kisha tika-tika-tika, kichwa kikaanza kuzunguka. Kikaacha mpera. Kikapita uani, kikafika kwa jumuiya, na jumuiya ikatawanyika na viti vyake vya plastiki kichwani, Nekoye akiwa mbele. Kavindu pekee hakuondoka. Maji yakampiga usoni na kifuani. Akainua mkono wa kulia ajifanyie ishara ya msalaba, ukafika kifuani, ukakataa kupanda, kwa hivyo akainamisha paji la uso ukakutana nao hapo hapo.

Mutie alilia. Alilia waziwazi, mwanamume mzima na mvi zake, na hakuna aliyemcheka.

Kavindu akamwita kwa kidole. Aliuonyesha ule ukanda uliokuwa umelala mapajani mwake. "Ndio hii ulikuwa unaniwekea?"

"Nilidhani ndiyo ya mwisho."

"Ya mwisho! Haki huyu mzee. Lete mkono hapa."

Mutie akapiga magoti kwenye tope jipya, akanyoosha mkono. Kavindu akamzungushia ukanda kwenye kifundo cha mkono, kushoto kukisaidia kulia, akahangaika, akakunja uso, Padre akawalowesha tena, na mwishowe akafunga fundo. Lilikuwa fundo baya. Lisingezuia mtungi wowote kuvuja, na punda yeyote angemwaga maji yote kabla ya kilima. Kavindu alilitazama kwa jicho la mamake, akatikisa kichwa.

"Nitarudia kesho," akasema. Kisha akatega sikio. "Baba Janice, si hapo kwa shingo panamwagika maji?"

"Ouma alisema ni lazima avuje kidogo."

Kavindu akayatazama yale matone yanavyodondoka, moja baada ya jingine, yakizama ardhini bila kuulizwa na mtu. Alivua patipati, akatafuta nyasi kwa nyayo zake.

"Basi wacha yavuje," akasema. "Yapo." Padre akamaliza mzunguko mwingine mzima kabla hajasema tena. "Lakini leta ile sufuria."

Mutie akaenda jikoni kuitafuta, ukanda umemlegea mkononi, akiushikilia kwa mkono wa pili usije ukaanguka.